Majivu Nyuma ya Nguzo

Hallbeck, 14 Septemba 1986

Mdogo wangu Jonty,

Salamu kutoka kwa dada yako ambaye bado anatembea, ingawa goti la kushoto limeanza kunitabiria mvua. Kwa Hallbeck kutabiri mvua si kipaji. Nyie huko hamjambo? Binti yako Raelene na wanawe wanaendeleaje? Ile picha ya mjukuu wako mkubwa akiwa na jezi yenye matope nimeiweka juu ya meko, na kila anayeingia namwambia huyo ni damu ya Fearon, mtazameni pua.

Binti wa jirani yangu Dinah amejifungua mtoto wa kiume, tumekula siagi ya ramu ya kumkaribisha mpaka nikaona haya. Mzee Tolson bado ni mwenyekiti wa klabu yetu ya raga na bado sikio lake la kulia halisikii, kwa hiyo wenye malalamiko huwaketisha upande huo. Shimo la makaa la Lady Anne lilifungwa mwezi wa tatu. Wanaume wenye nguvu zao wanazunguka mjini na mbwa kutwa nzima, na mbwa wenyewe wamechoka kutembezwa.

Sasa jambo lenyewe, maana nimelizunguka wiki nzima kama paka na maziwa ya moto. Uwanja wetu unataka kuuzwa.

Tangu ule moto ulioua watazamaji uwanjani Bradford mwaka jana, halmashauri inakagua kila jukwaa la mbao. Letu walilichoma kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Limefungwa. Bila jukwaa watu hawaji, na bila shimo la makaa hakuna wa kutushika mkono. Kuna kampuni inataka kujenga supamaketi pale, na watakacholipa kinatosha kutengeneza uwanja mpya kule juu nyuma ya shule. Tolson anasema tusipouza, msimu ujao hakuna klabu. Wanachama watapiga kura mwezi wa pili.

Najua unachofikiria, kwa kuwa mimi nami nakifikiria nikiosha vyombo. Baba yuko pale. Majivu yake niliyamwaga kwa mkono wangu nyuma ya nguzo za goli, upande wa bandarini, mwaka ule wa sabini na moja, na baada yake wamefuata wengi. Sasa waje wawajengee juu yao rafu za sabuni?

Sijaamua. Wewe ni mwanachama wa maisha na kura unayo. Niambie la kufanya.

Ni mimi dada yako, nisiyelala vizuri siku hizi,
Ettie


Wollongong, 9 Oktoba 1986

Dada Ettie,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi nikisafisha mfereji wa paa. Nikaisomea huko huko juu, na nusura nianguke. Ungekuja kunizika kwa kosa la kalamu yako.

Sisi wazima. Raelene amepewa wadi nzima ya kusimamia hospitalini, na sasa anatusimamia na sisi. Wajukuu wanakula kama nzige. Mkubwa wameanza kumchezesha namba sita, namba yangu, na juzi aliwapiga chenga wanne akaangusha mpira mbele ya mstari wa trai, pale pale pa kufungia. Nilimwambia babu yako mkuu angekulaza bila chakula. Mimi nina kikohozi kidogo tu, vumbi la huku.

Jibu langu ni HAPANA. Nimeliandika kwa herufi kubwa ili Tolson alione hata kama halisikii.

Dada, hivi mmesahau ule uwanja ni nini? Klabu ile iliundwa na wachimba makaa ambao mabwana wa raga ya kwanza waliwaambia ni aibu mtu kufidiwa ujira wa Jumamosi aliyoikosa kazini. Aibu! Mtu ana watoto sita! Ndipo wakajitenga, wakacheza raga yao, watu kumi na watatu kila upande, na ule uwanja wakausawazisha wenyewe kwa makoleo ya shimoni. Mwaka wa mgomo mkuu Mama alikoroga supu chini ya jukwaa hilo hilo wanalolichoma kwa bisibisi. Na shimo la Lady Anne lilipolipuka, waliokufa walilazwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na wale waliokuwa wachezaji kila mmoja aliwekwa chini ya ndoano aliyozoea kutundika koti lake. Wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa bado nanyonya, lakini nimesimuliwa mpaka nikayaona.

Mkataa kwao ni mtumwa, dada. Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyotia saini, ya kukuruhusu unipigie kura. Piga HAPANA.

Ndugu yako wa damu na wa klabu,
Jonty


Hallbeck, 2 Novemba 1986

Jonty,

Nashukuru kusikia mko wazima. Hapa upepo umeng'oa bati la banda langu, nikalikuta bustanini kwa Dinah likiwa limelala juu ya kabichi zake. Hajanisemesha siku tatu, na zilikuwa siku tatu nzuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikachukia.

Mkataa kwao nani? Aliyepanda meli ni mimi? Wewe uko huko unakula machungwa kutoka mtini, unaniandikia mimi habari za supu ya Mama! Mimi ndiye niliyeosha bakuli za ile supu. Mimi ndiye ninayefua jezi za vijana hawa kila Jumatatu, naona zilivyochakaa, naona nyingine zimeshonwa kwa uzi wa rangi mbili. Juzi kocha aliniuliza kama ninaweza kumaliza mwezi mwingine bila sabuni ya maana. Ukisema HAPANA huko Wollongong, ni herufi sita tu. Hapa ni vijana ambao shimo limewafungia mlango, na kitu pekee kinachowatoa kitandani ni mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu.

Hata hivyo karatasi yako nimeitunza. Sijasema nitafanya nini nayo.

Na jambo lingine. Mwandiko wako umekuwaje? Mama alikuchapa kwenye kiwiko cha mkono mpaka ukaandika kama karani, leo mistari inashuka mlima. Na ngazi unapandia nini na umri huo? Hicho kikohozi ulikitaja kwenye barua ya Pasaka pia. Vumbi gani linakaa kifuani tangu Pasaka?

Nijibu na hilo.

Ettie


Wollongong, 12 Desemba 1986

Dada yangu mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko wa Raelene. Nimeteguka mkono, yeye anaandika ninachosema, na ameapa hataongeza lake. Krismasi njema kwako. Hapa tutakula nyama choma ufukweni, na mimi nitaikumbuka ile nyama ya kondoo na viazi unayoiacha kwenye oveni tangu asubuhi mpaka nyumba nzima inalewa harufu.

Umenichapa na nimechapika. Una haki. Lakini nisikilize, halafu nichape tena.

Sipigi HAPANA kwa ajili ya supu. Napiga kwa ajili ya Baba.

Unaikumbuka ile Ijumaa Kuu ya mwaka sitini na mbili, mechi na wapinzani wetu wa Skarness. Mimi nilikuwa namba sita wa Hallbeck na nilikuwa naondoka na treni ya saa tisa, katikati ya msimu, kwa kuwa meli haingojei kalenda ya raga. Ulikuja wewe stesheni, akaja Mama. Baba alikwenda uwanjani. Nilichungulia dirishani mpaka Hallbeck ikaisha, nikisema atatokea tu, mzee yule, atatokea anakimbia na kofia mkononi. Hakutokea. Hakuniandikia hata mstari mmoja miaka tisa, kisha ukaniandikia wewe kwamba amekufa.

Basi mimi nimejiwekea hivi: siku yangu ikifika, Raelene anilete huko kwenye kopo, unimwage karibu naye nyuma ya zile nguzo. Tutakuwa na muda wa kutosha wa kuyamaliza. Mkiuza, nitayamaliza naye wapi? Kwenye rafu ya biskuti?

Ndiyo hilo tu. Kikohozi ni kile kile. Usinichunguze.

Jonty


Hallbeck, 18 Januari 1987

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu na si kwa sababu ya sikukuu. Theluji imekuja ikaenda, goti liko pale pale, na binti wa Dinah amemwita mwanawe Kevin, Mungu amsaidie. Nimekaa na kalamu mara tatu, nikaiacha. Sasa kaa kitini, na kama uko juu ya ngazi shuka.

Jumanne iliyopita mlango uligongwa. Nafungua, namkuta Clem Rudd, yule mtunza uwanja wa Skarness. Skarness! Nilitazama barabarani kama majirani wanaona. Akavua kofia. "Mama Mossop," akasema, "nasikia mnauza uwanja. Basi tunaomba roli yetu."

"Roli gani?"

"Ile roli ya chuma ya kusawazishia. Ile tuliyobadilishana na marehemu mumeo."

Nikamwambia aingie, maana baridi ilikuwa inaingia kabla yake. Nikampa chai. Akaniambia yote bila kujua anachoniambia.

Unajua Lanty wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza uwanja wa Hallbeck mpaka alipokufa. Na unajua alivyozipenda nyasi zake. Majivu ya mtu huunguza nyasi, yeye alisema, na mwenye kumwaga maiti uwanjani mwake atamfukuza na reki. Ndiyo maana sote tulimwaga kwa siri. Unachukua marehemu wako kwenye chupa ya chai, unasubiri mapumziko, mtu mmoja anakwenda kumuuliza Lanty habari za mbolea, mwingine anamwaga. Mji mzima ulijua isipokuwa yeye. Mimi mwenyewe nilimtuma akaniletee pai, aliporudi Baba yuko chini. Niliila ile pai mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Mwaka sabini na saba tulipochimba mitaro ya maji upande wa bandarini, Lanty aling'oa nyasi zote za nyuma ya nguzo, mapande kwa mapande pamoja na udongo wake, akapanda mpya. Za zamani alituambia zimetupwa jaani. Hakuna aliyeuliza kwa sauti, maana kuuliza ni kujitaja. Watu walijifariji kwamba majivu yalishashuka chini zaidi, ila tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwaga tena. Kumbe hazikutupwa. Kule Skarness ardhi ilikuwa imetitia juu ya shimo la zamani, ikala nyuma ya nguzo zao. Wakamwendea Lanty kisirisiri, naye akawapa zile nyasi kwa kubadilishana na ile roli. Angesema kwamba amewasaidia Skarness, angepigwa mawe, kwa hiyo akanyamaza. Sisi tukamficha yeye maiti, yeye akatuficha nyasi.

Jonty, Baba yuko Skarness. Miaka kumi sasa. Yule mzee aliyekuwa hataki hata treni yake isimame pale! Na wengine wote pamoja naye.

Clem alipoona uso wangu akaweka kikombe chini. Nilipomweleza, akasema, "Mama Mossop, ndiyo maana zile nyasi hazikuota vizuri miaka miwili ya kwanza." Nikacheka. Nilicheka mpaka nikalia, na sijui ilibadilika wapi.

Kura ni tarehe ishirini ya mwezi ujao. Watu wengi wanataka kukataa kwa ajili ya wafu wao. Niwaambie au ninyamaze? Nijibu upesi.

Ettie


Wollongong, 9 Februari 1987

Dada,

Barua yako ilikwenda kwanza nyumba ya jirani aliyekwenda likizo, ikakaa huko wiki. Naomba hii ikuwahi.

Nilicheka, naomba Mungu anisamehe. Isaac Fearon, chini ya miguu ya Skarness! Wanamfungia trai kichwani kila wiki ya pili! Raelene alikuja mbio akidhani nimepaliwa. Kisha usiku huo sikucheka tena.

Usiwaambie. Nakuomba kama ndugu. Wale wajane wamekwenda pale na maua yao, wameongea na waume zao, wamerudi nyumbani wamepoa. Utawapa nini badala yake? Na wakijua hakuna mtu pale chini watauza asubuhi yake. Nyamaza, piga kura yangu kama nilivyokuandikia, uwanja ubaki. Hata kama Baba hayupo. Mimi ningelala pale nikijua kwamba alisimama pale. Inanitosha.

Naandika hii kwa mkono wangu kidogo kidogo. Samahani kwa mistari.

Jonty


Hallbeck, 3 Machi 1987

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilifika siku tatu baada ya mkutano. Nimeichelewesha hii kidogo ili nisikuandikie kwa pupa. Niliwaambia.

Ukumbi wa wachimba makaa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tolson akaeleza ya jukwaa, ya supamaketi, ya uwanja mpya. Akasimama Maggie Birkett, aliyemmwaga Norman wake mwaka sabini na tano, akasema, "Mimi simuuzi mume wangu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikaona wale vijana wamekaa nyuma wakitazama viatu vyao. Hawawezi kubishana na mjane, walilelewa vizuri. Nikajua nikinyamaza, hao ndio nitakaowazika, na wao ni wazima.

Nikanyanyuka. "Mwenyekiti," nikasema, "hatumuuzi Norman. Norman alishakwenda."

"Nani amekwenda?" Tolson akauliza. "Njoo upande huu!"

Nikaeleza. Ile chupa ya chai, ile mitaro, zile nyasi, ile roli. Nilipotaja Skarness, hata birika la jikoni lilisikika. Sikuwahi kuogopa vile tangu siku ya mlipuko. Ndipo Maggie akasema, polepole, "Norman wangu yuko Skarness? Norman, aliyekuwa hataki hata kununua samaki kule?"

Mtu mmoja akacheka puani. Halafu mwingine. Halafu Jonty, tulicheka wote, watu wazima wameshikana mabega, na Maggie akicheka kuliko wote huku machozi yanamtiririka. Baadaye kicheko kikaisha na machozi yakabaki, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Kijana wa Birkett akasema kwa hasira, basi twende kesho na makoleo, tukawachukue watu wetu. Hapo Clem Rudd, ambaye nilimwomba aje na alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akavua kofia. "Makoleo mje nayo," akasema, "sitawazuia. Lakini na sisi tunamwaga wetu pale pale, tangu zile nyasi zilipowekwa. Hata mke wangu yuko pale. Mtakapochimba, mniambie tu yupi wenu na yupi wangu."

Maggie alimpisha kiti, akakaa.

Kisha tukapiga kura. Yako niliipiga HAPANA, kama ulivyoandika, kwa sababu ni yako. Yangu nikapiga NDIYO. Tumefutana mimi na wewe, kama tulivyozoea tangu utotoni. Waliokubali wamewashinda waliokataa, na uwanja unauzwa. Mechi ya mwisho pale ni Ijumaa Kuu, dhidi ya Skarness, na Jumapili iliyopita wajane wetu walikwenda kule na maua. Maggie alikataa katakata kulipa kiingilio. Alisema mtu haingii kumwona mumewe kwa tiketi. Wakamfungulia geti kubwa.

Na sasa ni zamu yangu kukupa kitu nilichokunyima miaka ishirini na mitano. Nilikunyima kwa sababu nilikukasirikia. Uliniachia wazee wawili na mji mzima, ukaenda kwenye jua, nami nikasema abaki na uchungu wake, na mimi nina wangu.

Siku ile uliyoondoka, Baba alirudi kutoka uwanjani jioni. Alikuwa amesimama pale pale alipozoea kusimama tangu mwanzo wa mechi mpaka filimbi ya mwisho, watu walimwona. Akavua koti, akaketi, Mama akamwekea chai. Akakishika kikombe bila kunywa. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimetoka stesheni, akaniuliza, "Ettie, hivi tumepata ngapi?"

Isaac Fearon, Jonty. Aliyekuwa anakumbuka matokeo ya tangu kabla ya vita, na nani alifunga na upepo ulitoka wapi. Alisimama dakika themanini akitazama uwanja na hakuona kitu. Mimi nilikwenda jikoni nikafunga mlango.

Hakuja stesheni kwa sababu hakuweza. Kukuandikia hakuweza pia. Ulikuwa mjinga kutolijua hilo na mimi nilikuwa mbaya kutokukuambia.

Sasa nijibu mimi. Unaumwa nini? Mkono ulioteguka Desemba haushushi mistari mpaka Februari.

Dada yako,
Ettie


Wollongong, 24 Machi 1987

Dada yangu Ettie,

Raelene anaandika tena, na safari hii hakuna mkono ulioteguka.

Ni mapafu. Makaa ya Lady Anne yalianza, kiwanda cha chuma cha huku kikamalizia. Ngazi sijapanda tangu mwaka juzi. Ile barua yako ya kwanza niliisomea kitandani. Daktari ni kijana mzuri, aliniuliza kama ninapenda msimu wa baridi wa huku, nikamwambia sana, akasema tuombe Mungu tuuone. Nikaelewa. Sikukuambia kwa sababu ungekuwa dada mkubwa, na mimi nilitaka kugombana na wewe kidogo zaidi kama mtu mzima mwenye afya.

Barua yako alinisomea Raelene kwa sauti. Alipofika pale Baba alipouliza matokeo, nikamwambia ngoja. Akangoja. Nikamwambia rudia. Ameirudia mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara mzee anauliza vile vile, na kila mara nataka kumjibu. Nimelala vizuri wiki hii, dada. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolala hivi.

Kura uliyopiga ilikuwa sawa. Zote mbili.

Lile wazo la kopo nimelifuta. Sina tena haja ya kuvuka bahari kwenda kuyamaliza na Baba, yamekwisha. Kama yeye ameweza kulala Skarness miaka kumi bila kuinuka kwa hasira, mimi nitalala hapa, kwenye uwanja wa mtaa wetu, nyuma ya nguzo ambazo yule mjukuu mkubwa anazilenga. Nimemwomba mtunza uwanja waziwazi. Akasema nichague kona, ila nisiwe mahali pa maji.

Wewe usije. Ni mbali mno, na hujawahi kupanda hata ile ndege ya maonyesho ya wakulima. Kaa utazame mechi ya mwisho, uniandikie kila kitu.

Nakupenda. Raelene anacheka kwa sababu nimeona haya kulisema.

Jonty


Hallbeck, 2 Aprili 1987

Jonty,

Barua yako imekuja asubuhi na sasa ni mchana, kwa hiyo unaona sikuzunguka.

Usinipangie. Tangu lini mtoto wa nyuma akampangia wa mbele? Nimekwenda mjini kwa wauza tiketi, msichana pale akaniuliza nataka kukaa dirishani au kando ya njia, nikamwambia nataka kukaa Wollongong. Nafasi iliyopatikana ni ya Ijumaa Kuu. Treni ni saa tisa. Dinah anasema nimerukwa na akili, tangu vita sijakosa mechi hata moja ya nyumbani ila ile ya siku uliyoondoka, nikose hii ya mwisho kabisa? Tolson amekuja mwenyewe kunisihi, akasema wamepanga mimi ndiye nipige mpira wa kwanza. Nimempa Maggie. Ana goti zima.

Mwambie Raelene nakunywa chai kali na sitaki kutembezwa kuonyeshwa bahari. Nina bahari kwetu. Nakuja kukaa kwenye kiti karibu na kitanda chako, tugombane mpaka uchoke.

Majivu nimebeba ya kutosha katika maisha haya, ya Baba, ya Mama, ya Lanty. Yako sitaki hata kuyaona. Wewe nakutaka na nyama yako na kikohozi chako. Kwa hiyo kazi yako ni moja tu, na usiniambie huiwezi: nikifungua huo mlango, nikukute.

Dada yako, niko njiani,
Ettie